Goli la Debora

Mtaani Mazwi, mtu akileta habari isiyo na kichwa wala miguu, hawamwambii kuwa anadanganya. Wanamwambia, "Hilo ni goli la Debora," na mazungumzo yanaishia hapo. Wanasema hivyo watoto wa shule, wanasema hivyo wanakwaya wakimsubiri padri, wanasema hata wageni waliohamia juzi, ambao ukiwauliza Debora ni nani watakuambia labda alikuwa mchezaji wa zamani. Debora mwenyewe yupo, mzima wa afya, anapika kimpumu, pombe ya ulezi, kwenye kibanda nyuma ya mashine ya kusaga. Kila akilisikia jina lake likitumiwa hivyo anajisikia kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni mwezi wa Julai, na Julai ya Sumbawanga anayeijua anaijua.

Goli lenyewe lilifungwa, au tuseme halikufungwa, mwaka wa tisini na mbili. Enzi hizo mawimbi ya Dar es Salaam yalifika Ufipa yakiwa hoi. Yanakuja, yanazama, yanarudi yakikoroma. Kusikia mpira ilibidi mtu mmoja abandike sikio kwenye spika na kuwatangazia wenzake, na mtu huyo alikuwa Debora, maana Mungu alimpa sikio. Hakuwahi kuvuka Tunduma, lakini ungemwuliza winga wa kulia wa Simba anapenda kuingia ndani au kushuka na chaki, angekujibu. Wanaume walikaa kuzunguka vyungu vya pombe, mirija mdomoni, wakimsikiliza yeye wala si redio. Siku hiyo ilikuwa Simba na Yanga. Dakika za mwisho mawimbi yakazama, yakaibuka na makelele ya uwanja mzima, na Debora, badala ya kungoja, akasema goli.

Kofia zilirushwa. Evaristi, wakati huo mpagazi wa magunia pale mashineni, alidandia baiskeli isiyo yake akazunguka Mazwi yote akipiga kengele, mpaka akaenda kuangukia mlangoni kwa katekista na kuvimba goti. Usiku taarifa ya habari ikasema mpira ulikwisha sare, bila kwa bila. Shuti la mwisho lilikuwa limegonga mwamba. Kila aliyemwuliza Evaristi kwa nini anachechemea, alimjibu kwamba ameumizwa na goli la Debora. Goti lilipona, jina likabaki.

Kama yangekuwa maneno ya kuchekesha tu, Debora angecheka pamoja nao, maana kwa kutaniwa Wafipa hawashindwi. Lakini maneno yale yaliumiza mtu. Miaka mitatu baadaye, asubuhi moja, akisikiliza matangazo ya vifo, alisikia jina la mama yake Mboje. Mboje ni Msukuma, mfugaji aliyeshuka na ng'ombe wake mpaka bonde la Rukwa, upande wa Kaoze, na siku za mnada alikuwa akipanda mjini. Mazishi yangefanyika Maswa siku ya nne yake. Debora aliacha pombe mekoni, akaenda mnadani mbio mbio, akamwambia. Mboje alivua kofia. Wanaume waliokuwa karibu wakauliza habari imetoka wapi. Redioni. Na nani aliyesikia? Debora. Wakaangua kicheko. Wakamwambia ndugu yetu, hilo ni goli la Debora, wewe uza ng'ombe wako.

Mboje akauza ng'ombe wake, akarudi Kaoze. Barua ilimfikia baada ya wiki tatu, mama yake ameshazikwa na majani yameanza kuota juu ya kaburi.

Hakumlaumu Debora hata siku moja. Alianza tu kukaa kibandani kwake kila alipopanda mjini, na kumwita mayu, yaani mama kwa lugha ya kwao, ingawa kwa umri yeye ndiye mkubwa. Debora angeona nafuu kama angetukanwa.

Basi miaka ya ruksa ilikuwa imeshaingia, na ruksa haikumsahau Evaristi. Alianza na mitumba ya Tunduma, akapanda hadi kuuza baiskeli, akapanda kwenye redio za Zambia, na mwaka wa elfu mbili akarudi na televisheni kubwa kama kabati na dishi la kutazamia mbinguni. Akajenga banda la mabanzi mkabala na mashine, akapanga mabenchi ndani, akaweka jenereta nyuma. Tangu siku alipowasha, kibanda cha Debora siku za mpira kilibaki na watu watatu: Coleta muuza dagaa, Fundi Flavian wa redio, na Mboje.

Watatu hao walitosha kwa maneno. Walikaa kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, Debora akiongeza maji ya moto kila pombe iliposhuka. Coleta alikuwa amekaribishwa kwa Margareth, mke wa karani wa halmashauri, kutazama tamthilia ya Wazungu wa kule Meksiko, na kwa wiki nzima hakuwa na hadithi nyingine. Kuna mwanamke pale, alisimulia, ameolewa na ndugu wa mume wake bila kujua, na nyumba yao ina ngazi ndani kwa ndani, na katika vipindi vyote hajamwona mtu akisonga ugali. Flavian akasema ndiyo maana wana muda wa kulia. Mboje akataka kujua kama watu wa kwenye televisheni wanawaona wanaowatazama, maana yeye asingependa kuonwa akiwa anakunywa. Wakahamia kwenye mbolea iliyopanda bei tangu ruzuku ifutwe, na sare za shule, na upepo ulioezua paa la ghala la parokia. Mwisho, kama kila mara, wakarudi kwenye mpira, kwa sababu Jumapili ilikuwa Simba na Yanga, na Evaristi alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba safari hii watu wa Mazwi wataona kwa macho yao.

Debora alisema naye atakwenda. Coleta akaacha mrija.

"Banda lile wanawake hawaingii siku ya mpira, Mama Steven. Ameandika kwenye boksi, amebandika mlangoni."

"Nimesoma. Nimesoma mpaka mwisho, na sijaona alipoandika kwa nini."

Jumamosi akaenda kumwuliza mwenyewe. Evaristi alikuwa mlangoni na wanaume wanne, akiwaonyesha jinsi dishi linavyoelekezwa. Zamani, akiwa mpagazi, alikuwa akimpa Debora shikamoo toka ng'ambo ya barabara. Siku hizi alimpa habari za saa hizi. Debora akamwambia anataka nafasi moja kesho, benchi lolote, atalipa kama wengine. Evaristi hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Alicheka vizuri tu, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, akasema:

"Mama Steven, mpira wa humu ni wa kuonekana. Hatuhitaji mtangazaji. Tukikuingiza utatufungia goli lako bure."

Wale wanne wakacheka hadi mmoja akashikilia nguzo. Debora alibaki amesimama na hela yake mkononi. Hakulia. Alikijua kitu kilichompanda kuwa ni hasira, si haya. Miaka minane alikuwa akikiita haya.

Jioni hiyo akawaeleza wenzake alichoamua. Kesho atahamishia kigoda chake, chungu chake na redio yake barabarani, mbele ya mlango wa banda, na atatangaza mpira kama zamani, kwa sauti. Flavian akasema watamfukuza. Debora akamjibu kwamba barabara ni ya serikali. Coleta akasema watamcheka.

"Wameanza lini kuacha?" Debora akauliza. Kisha akachota kimpumu kipya, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi, maana mpikaji asiyeonja mbele ya watu pombe yake hainywewi. Akaufuta mdomo kwa kiganja. "Tazameni. Mdomo huu nikionja, mji mzima unakunywa, hakuna anayeuliza kama nimetia sumu. Maisha yenu mnanikabidhi. Lakini mdomo huu huu nikisema habari, mnaenda kumwuliza mwingine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilikosea mara moja."

Mboje alisema chungu atabeba yeye.

Jumapili baada ya misa ya pili jua liliwaka na upepo ukavuma, kama kawaida ya mji ule usiojua uamuzi mmoja. Debora alizianika betri juani tangu asubuhi. Flavian alipandisha waya wa shaba kwenye mti wa mkaratusi, akauunga kwenye antena, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sauti ya Dar es Salaam ikatoka safi, hata mtangazaji akimeza mate unasikia. Saa kumi kasoro, watu wakiingia bandani, walimkuta Debora amekaa ng'ambo ya barabara kwenye kigoda, kanga imefungwa kiunoni, redio mapajani, Coleta kulia, Mboje kushoto. Baadhi wakamsalimia. Wengi wakagongana viwiko. Evaristi alitoka, akamtazama, akatazama barabara kama anayepima mipaka yake, akarudi ndani.

Mpira ukaanza. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya banda, kwa hiyo walio ndani hawakuisikia redio ya Debora, lakini Debora walimsikia. Alitangaza kama alivyotangaza miaka ile, akiyapokea maneno ya redio na kuyarusha kwa sauti ya kuitia watu mtoni. Yanga wanarusha. Simba wamenyang'anya. Anapewa namba saba, anakwenda, anakwenda, ametoa nje. Toka ndani mtu akampigia kelele anyamaze, wao wana macho. Debora akaongeza sauti. Coleta, aliyekuja akiwa na woga, aligundua kwamba anatabasamu.

Ikafika dakika ya thelathini na kitu. Redio ikapaza sauti, mtangazaji akapandisha jina la mchezaji mara tatu, na Debora akainuka kutoka kwenye kigoda bila kujua.

"Goli! Simba wamepata goli!"

Bandani kicheko kililipuka. Kilikuwa kicheko cha wanaume sitini waliokula na kushiba, mpira kwenye televisheni bado uko katikati ya uwanja, mguuni mwa beki. Wakapiga mabenchi. Wakaimba, "Goli la Debora! Goli la Debora!" Debora alisimama barabarani akiusikiliza wimbo ule, na kwa muda mfupi, muda wa mtu kufanya ishara ya msalaba bila haraka, alidhani amekosea tena.

Wimbo ukakatika. Nusu ya banda ikapiga yowe la furaha na nusu nyingine ikaguna. Kwenye televisheni, beki aliupoteza mpira, namba saba akauchukua, akaingia ndani, akafunga. Lile goli walilolicheka lilikuwa limefika.

Mtu wa kwanza kutoa kichwa mlangoni alikuwa Isdori, mwendesha mashine. Alimtazama Debora, akaangalia juu ya mti kwenye waya, akamtazama Debora tena. Akauliza amejuaje. Debora akamwambia amesikia, kama alivyokuwa akisikia siku zote. Isdori akarudi ndani, lakini akakaa benchi la mlangoni, sikio moja nje.

Kuanzia hapo raha ya televisheni iliingia mchanga. Debora akisema kona, wenye macho wanaona bado mpira unachezwa, halafu kweli kona. Akisema kipa amedaka, ndani mpigaji ndiyo kwanza anavuta mguu, na hakuna anayeinuka tena kwa shauku maana mwisho wake wanaujua. Picha ilikuwa imekuwa kiporo. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, kwanza wakijidai wanakwenda haja ndogo, kisha bila kujidai, wakajipanga nyuma ya kigoda cha Debora. Mapumziko yalipofika, wengi walikuwa barabarani.

Naye Evaristi akatoka, uso umeiva.

"Mama Steven, unanivurugia watu. Na hii ya kuona kitu kabla hakijatokea, mimi siielewi. Hapa ni Sumbawanga. Watu watasema maneno."

Aliyataja hivyo tu, maneno, lakini kila mtu alijua ni maneno gani. Katika mji wetu ule mwanamke ameshahamishwa nyumba kwa madogo kuliko hayo. Debora akamgeukia.

"Waseme. Wewe hujaanza leo kuwapa la kusema. Nilipokosea nilikuwa mwongo, leo nimewahi nimekuwa mchawi. Nifike saa ngapi, Evaristi, ili niwe mtu?"

Fundi Flavian, ambaye kwa kawaida hupenda kunong'ona, akajitoa mbele. Alikuwa akilifikiria jambo hilo tangu lile goli, na macho yalikuwa yakimng'aa. Akaeleza kwamba redio inatoka Dar es Salaam moja kwa moja, lakini picha ya Evaristi lazima kwanza ipande hadi kwenye mtambo huko juu angani, ifungwe, ifunguliwe, ndipo ishuke kwenye dishi. Safari hiyo huchukua muda ule ule wa mtu kufanya ishara ya msalaba. Hakuna dawa hapo wala kafara. "Lisemwalo lipo," akamalizia, "kama halipo, li njiani laja. Wahenga walikuwa na redio." Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka Debora.

Kipindi cha pili kilichezwa zaidi barabarani kuliko bandani. Ndani walibaki wachache wa Yanga wenye kutumaini. Vyungu vililetwa toka kibandani, Debora akaonja, wakanywa. Dakika za mwisho Yanga wakalisakama lango la Simba, na hapo, kama vile shetani ameshika kisu cha kukatia mawimbi, redio ikazama. Ikakoroma. Halafu likaibuka lile lile yowe la uwanja mzima, kubwa, refu, lisilo na maneno ndani yake.

Wanaume wote wakamtazama Debora usoni. Wengine walikuwa vijana wadogo mwaka wa tisini na mbili, lakini hadithi wanaijua kama wanavyoijua sala. Debora aliishikilia redio kwa mikono miwili. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, na mdomo wake ulilitaka.

"Sijui," akasema. "Nimesikia kelele, sijasikia goli. Siku ile nilikisia, na nilifanya vibaya. Leo sikisii. Ngojeni."

Wakangoja. Toka ndani ya banda kukasikika mguno mrefu wa Yanga wale wachache: kipa alikuwa ameutoa kwa ncha za vidole. Redio ikarudi ikisema hivyo hivyo. Isdori akapuliza pumzi. Akasema taratibu, kana kwamba anajisemea, kwamba Mama Steven ni mtu mkweli. Debora alimsikia, akainamia redio ili wasimwone macho.

Kipyenga cha mwisho kikapulizwa. Watu wakaanza kubishana kama ilivyo haki yao, Coleta akimweleza mwalimu mmoja wa shule ya msingi kwa nini Yanga hawana kiungo, mwalimu akitikisa kichwa kwa adabu. Evaristi alikuwa amerudi bandani kukunja nyaya. Redio, baada ya mpira, ikaingia kwenye matangazo ya vifo yaliyokuwa yamesubirishwa, na Debora, kwa mazoea tu, akaisogeza sikioni.

Familia ya Mzee Zenon wa Chala, wilaya ya Nkasi, inasikitika kutangaza kifo cha binti yao Cornelia, kilichotokea jana huko Mbeya. Mazishi yatafanyika kesho saa nane mchana kijijini. Habari ziwafikie ndugu zake popote walipo, na hasa kaka yake Evaristi Zenon, Mazwi, Sumbawanga.

Kwa kelele zile, hakuna mwingine aliyesikia. Coleta alikuwa bado na kiungo chake. Debora akabaki na redio sikioni ingawa tangazo lilikuwa limeshapita na kufuatiwa na jingine. Na tuseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alikiri: kwa pumzi moja alitamani kunyamaza. Aende zake, apikie wateja, Evaristi apate barua baada ya wiki tatu, akute majani yameota. Aonje. Aliliona wazo hilo wazi kabisa, na lilikuwa tamu. Kisha akamwona Mboje, ameinamia chungu, anampangia mirija yake, na utamu ukageuka mdomoni.

Akampa Coleta redio, akavuka barabara. Aliupita ule mlango wenye boksi la makatazo, akaingia ndani. Wanaume waliomwona wakafuata nyuma wakidhani ugomvi umerudi. Evaristi akageuka akiwa na waya mkononi, naye akadhani hivyo hivyo.

"Zima hiyo jenereta," Debora akasema.

Kwa jinsi alivyosema, Evaristi hakubisha. Alikwenda nyuma akaizima. Ukimya ukaingia bandani kama mtu wa ziada. Debora akamweleza aliyoyasikia, neno kwa neno, jina la baba yake, jina la Cornelia, Mbeya, kesho saa nane. Hakupunguza wala hakuongeza.

Evaristi alifungua mdomo. Akamtazama Isdori, akatazama wale wanne wa jana, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta atakayeanza kucheka ili naye acheke na jambo liishe. Hakuna aliyecheka. Wengine walitazama chini.

"Umesikia sawasawa, mama?"

"Nimesikia. Cornelia nilisoma naye Chala, alikuwa akinipa nusu ya kiazi chake. Ningekuwa na nafasi ya kukosea, ningeomba nikosee hapa." Akaikaza kanga kiunoni. "Ila siwezi kukulazimisha. Ukitaka kungoja televisheni yako ikuonyeshe, ngoja. Jina langu ulilitengeneza wewe, unajua mwenyewe namna ya kulitumia."

Mboje alikuwa amesimama mlangoni, chungu bado mikononi. Ni mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake huja polepole.

"Nenda, baba," akasema. "Mimi niliambiwa na mtu huyu huyu. Sikwenda."

Evaristi akaachia waya. Alitoka bila kofia, bila kufunga banda, akaiwasha pikipiki yake kwa teke la tatu. Alipompita Debora alisimama, akashindwa kusema alichotaka kusema, akasema tu, "Shikamoo, Mama Steven," saa hizo, katikati ya msiba. Debora akamwitikia marahaba, akamwambia aende polepole, barabara ya Chala imechimbika. Hakumwambia kwamba amemsamehe, kwa sababu hakuwa amemsamehe. Hilo lingekuja kwa wakati wake au lisije.

Waliobaki wakapanga mabenchi, wakafunga mlango. Debora akalibandua lile boksi mlangoni, akalitumia kuchochea moto wa maji, kisha akarudi kwenye kigoda chake pale pale barabarani. Coleta akaketi naye, akashika mkono wake.

Muda kidogo akatokea mtu anaitwa Adriano, fundi seremala, aliyeukosa mpira kwa sababu ya kazi. Akashangaa kukuta banda limefungwa mapema na watu wamepoa. Akamwuliza Isdori kulikoni.

"Evaristi amefiwa na dada yake. Ameondoka kwenda Chala."

"Mungu wangu. Kwa taarifa ya nani?"

"Debora kasema."

Adriano alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaenda kumtafutia mke wa Evaristi mtu wa kumsindikiza.